Saa ya bangili ya mazoezi haisomi sawa? Anza na simu

Ukiigeuza bangili ya mazoezi juu chini ukitafuta kitufe cha kurekebishia saa, hutakipata. Hakuna cha kuvuta pembeni wala cha kupandisha dakika. Karibu zote, kuanzia M4 na M5 za bei ya chini zinazouzwa Kariakoo na Luthuli Avenue hadi Fitbit na Xiaomi, huchukua saa kutoka kwenye simu kwa Bluetooth, kupitia programu yake maalumu. Kwa hiyo kuna mambo mawili tu: simu iwe na saa sahihi, kisha simu na bangili zionane. Mtu akiruka la kwanza anaweza kuhangaika na la pili hadi usiku, kumbe bangili inamletea kwa uaminifu kabisa saa mbovu ya simu yake mwenyewe.

Kosa lenyewe linakuambia pa kuanzia

Kabla hujagusa chochote, linganisha bangili na saa unayoiamini.

Kama bangili inaonyesha tarehe 1 Januari ya mwaka 1970 au 2000, iliishiwa chaji kabisa na haijaonana na simu tangu iwake tena. Ndani yake hamna kibetri cha akiba cha kutunza saa kama kile cha kompyuta ya mezani. Betri ikikata, saa nayo inasimama, na ikirudi inaanza kuhesabu kutoka tarehe ya kiwandani.

Kama iko mbele kwa saa tano kamili na dakika ziko sawa, unaangalia saa ya China. Beijing iko GMT+8, yaani saa nane mbele ya GMT, ile saa ya Greenwich inayotumika kama kipimo cha dunia, na sisi tuko GMT+3. Ikiwa nyuma kwa saa tatu kamili, inasoma GMT yenyewe. Kwa kifupi, tofauti ya saa kamili inatokana na saa za eneo, na dawa yake iko kwenye simu au kwenye programu. Bangili haijaharibika.

Tofauti ya dakika chache ni habari nyingine. Bangili inahesabu muda kwa kijipande cha fuwele kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, kama saa yoyote ya mkononi ya betri. Kosa la kawaida la fuwele hizo, sehemu 20 kwa milioni, ni kama sekunde 1.7 kwa siku, yaani karibu dakika moja kwa mwezi. Bangili ambayo haijaunganishwa na simu kwa miezi miwili ikipishana kwa dakika mbili, hiyo ni hali yake. Ikipoteza robo saa kwa wiki wakati chaji imejaa, hiyo ni mbovu, irudishe dukani risiti ikiwa bado mkononi.

Kuna kosa moja linalowapumbaza wengi: hatua zinarudi sifuri na tarehe inabadilika wakati wa chakula cha mchana badala ya katikati ya usiku. Hapo simu imepishana kwa saa 12. Mtu aliiweka kwa mkono akachanganya AM na PM, na kwa kuwa kioo kinaonyesha saa kwa mfumo wa 12, kila kitu kinaonekana sawa mpaka hatua zifutike.

Simu kwanza

Kwenye Android ingia Mipangilio, Mfumo, kisha Tarehe na Saa. Mle mna swichi mbili, moja ya saa ya kiotomatiki na nyingine ya saa za eneo za kiotomatiki. Wengi huwasha ya kwanza wakaacha ya pili, na hapo ndipo saa inapopishana kwa saa kamili. Baada ya kuwasha zote mbili, hakikisha pameandikwa GMT+03:00. Ikiandika Nairobi na wewe uko Mwanza au Kampala, iache, ukanda ni ule ule. Kwenye iPhone ni Settings, General, Date & Time. Kama saa za eneo zinagoma, angalia kama umezima huduma za mahali, maana simu hutumia mahali ulipo kujua ukanda wake.

Wanaokaa karibu na mpaka wana shida yao. Rwanda na Burundi ziko GMT+2, na mashariki mwa Congo vilevile. Ukiwa Rusumo, simu ikashika mnara wa upande wa pili, saa inarudi nyuma kwa saa moja, na bangili inafuata mara tu zikionana. Aliye eneo kama hilo ni heri azime saa za eneo za kiotomatiki, achague GMT+3 mwenyewe, na kuacha ile swichi ya saa ya kiotomatiki ikiwaka. Aliyehamia Muscat anaongeza saa moja. Aliye Ulaya akumbuke kwamba saa hubadilika Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba: simu hujibadilisha yenyewe, bangili husubiri kuonana nayo. Kama unategemea alamu ya bangili kuamkia kazini, fungua programu Jumapili hiyo hiyo, usisubiri Jumatatu alfajiri.

Kuiunganisha

Ipe chaji kwanza. M4 na ndugu zake huchajiwa kwa kuvua upande mmoja wa mkanda. Ushike mkanda karibu kabisa na kioo, uvute kwa kunyoosha bila kuupinda, na utatokea ulimi bapa wenye vipande vya rangi ya dhahabu upande mmoja. Ulimi huo ndio unaoingia kwenye tundu la USB. Kwa kuwa vipande viko upande mmoja tu, nusu ya majaribio ya kwanza huwa kinyume: picha ya betri isipotokea kwenye kioo, chomoa, geuza, ingiza tena. Zenye chaja ya sumaku yenye pini mbili hugoma zaidi kwa sababu ya jasho lililokaukia kwenye pini. Futa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Tumia tundu la kompyuta au kichwa cha chaja cha kawaida cha volti 5, ampea 1, na uache zile chaja za kasi.

Sasa jambo linaloharibu kazi kuliko yote. Bangili haiunganishwi kwenye orodha ya Bluetooth ya simu. Washa Bluetooth, kisha toka humo, na uunganishe ukiwa ndani ya programu. Ukishaigusa kwenye orodha ya simu, simu inaweza kuishikilia, na bangili iliyoshikwa huacha kujitangaza, hivyo programu itatafuta isione kitu. Kama ulishafanya hivyo, rudi kwenye orodha, iondoe, zima Bluetooth na uiwashe upya.

Programu ipi? Tazama karatasi iliyokuja na boksi, au pitisha kidole kwenye kioo cha bangili mpaka uone alama ya QR. M4 na M5 nyingi hutumia FitPro, nyingine Lefun Health au Yoho Sports, na programu ya moja haiitambui nyingine hata kama sura za bangili zinafanana kama mapacha. Xiaomi za zamani hutumia Zepp Life, iliyokuwa ikiitwa Mi Fit, na za karibuni Mi Fitness. Pakua kutoka Play Store au App Store. Muuzaji akikutumia faili la programu kwa WhatsApp, mshukuru na usilifungue, maana programu hizi huomba kusoma ujumbe na majina ya watu kwenye simu yako.

Ikiomba ruhusa, moja ndiyo ya lazima, kutegemea toleo la Android. Android 12 na kuendelea ni ruhusa ya vifaa vilivyo karibu. Android 11 kurudi nyuma ni ruhusa ya mahali, na pia swichi yenyewe ya mahali iwe imewashwa, la sivyo orodha ya bangili inabaki tupu na hakuna ujumbe wowote wa kukueleza sababu. Ruhusa ya majina na ujumbe unaweza kuinyima, saa itakuja tu.

Tafuta, chagua jina la bangili, kubali. Ndani ya sekunde chache saa inaruka yenyewe. Isiporuka, fungua ukurasa wa kwanza wa programu na uuvute kwenda chini kwa kidole mpaka izunguke na kumaliza. Nyumbani mkiwa na bangili mbili za aina moja, linganisha herufi na tarakimu nne za mwisho za anwani yake ya Bluetooth: ziko kwenye ukurasa wa taarifa za bangili na pia kwenye orodha ya programu. La sivyo utamrekebishia jirani.

Ikigoma kabisa, uliza kama iliwahi kuunganishwa na simu nyingine. Simu ya zamani iliyolala kabatini Bluetooth ikiwaka inatosha kuizuia. Kuirudisha kwenye hali ya kiwandani (reset) kuwe jambo la mwisho, kwa sababu hatua ambazo hazijahamia kwenye simu zinafutika.

Imekubali leo, kesho imepotea tena

Hapa mara nyingi mkosaji ni simu inayobana betri. Simu nyingi za Android huiua programu isipotumika kwa muda, na bangili inakosa wa kumwuliza saa. Ingia Mipangilio, Programu, chagua programu ya bangili, Betri, uiondolee vizuizi, na kama simu ina orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe, iweke humo. Usiifunge kwa kuisukuma juu kila unapoondoa programu zilizofunguliwa. Asiyetaka kuiacha ikifanya kazi muda wote aifungue mara moja kwa siku, na hiyo inatosha kwa saa na kwa hatua. Fitbit, kwa mfano, hutunza kumbukumbu za dakika kwa dakika kwa siku 7 tu kabla ya kuonana na simu.

Na saa za Kiswahili?

Bangili inaandika 7:00, wewe unasema saa moja. Wapo wanaorudisha simu nyuma saa sita kwa mkono ili bangili isome "kwetu". Usifanye hivyo. Muda wa ujumbe unavurugika, miadi inahama, na WhatsApp ikiona tarehe ya simu haiko sawa huweza kukataa kufunguka.

Wapo wajanja zaidi wanaochagua Buenos Aires kwenye saa za eneo. Hesabu ni sahihi: Argentina iko GMT-3, saa sita kamili nyuma yetu, na haibadilishi saa kwa majira. Saa 7:00 ya Dar es Salaam ni 1:00 kule. Lakini siku ya hatua itaishia saa kumi na mbili asubuhi, na usingizi utavurugika zaidi, kwa sababu bangili nyingi za bei ya chini hutafuta usingizi katika saa za usiku tu. Ukilala saa nne usiku, kwake ni 16:00, na itahesabu umekaa kitini.

Njia safi ni kuacha saa kuu ilivyo na kuiongeza Buenos Aires kwenye saa za dunia za bangili. Xiaomi kuanzia Mi Band 5 wana kipengele hicho, na unakipanga kwenye programu. Kama yako haina, chagua uso wa saa wenye mishale, usome namba iliyo upande wa pili wa mshale mfupi: ukielekea 7, ng'ambo yake ni 1, ukielekea 12, ng'ambo yake ni 6. Anayependa tarakimu aweke mfumo wa saa 24, ambao pia unamaliza kabisa lile kosa la AM na PM. Mchana unatoa sita: 15:00 ni saa tisa. Kuanzia 19:00 unatoa kumi na nane, na baada ya saa sita usiku unaongeza sita. Ukikuta tarehe imeandikwa 3/5 na leo ni tarehe 5 Machi, hiyo ni mpangilio wa Kimarekani, na hufuata lugha au nchi iliyochaguliwa kwenye simu.

Kama bangili ni ya mzazi mwenye simu ya vitufe, tumia simu yako. Weka programu, iunganishe mara moja, saa ikae sawa, kisha zima Bluetooth bila kuiondoa bangili kwenye programu, kwa sababu baadhi hujifuta zikiondolewa. Kila mwezi ukienda kumsalimia, washa Bluetooth, fungua programu, vuta chini. Mama au baba abaki na kazi moja: kuichaji ikiwa bado na mstari mmoja wa betri, isizime kabisa, maana ikizima tu saa inarudi 1970 na wewe uko mbali.