Barua kwa mwanangu: Tallis alikuwa wa upande gani?

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, nasi huku hatujambo. Umesema kwaya yenu inafanya mazoezi ya nyimbo mbili za Thomas Tallis, mtunzi Mwingereza wa karne ya 16: mmoja wa Kiingereza ulioushika siku ileile, mwingine wa Kilatini unaowatoa jasho. Ukauliza, mtu huyu alikuwa Mkatoliki au Mprotestanti? Mimi ningeuliza kwanza nani alikuwa kwenye kiti cha enzi cha Uingereza.

Mwaka 1540 Tallis alikuwa mwimbaji katika abasia ya Waltham, Henry VIII alipoifunga kama alivyozifunga nyumba nyingine za watawa. Akaondoka na shilingi 20 za mshahara na 20 za kiinua mgongo. Baadaye akaingia kwaya ya mfalme, akawatumikia Henry, Edward VI, Mary na Elizabeth I, kila mmoja na ibada yake. Wengine walichomwa moto miaka hiyo kwa ajili ya imani yao. Yeye aliendelea kuandika noti za muziki.

Katika nyimbo za Kilatini za zamani silabi moja huvutwa noti nyingi, na sauti zinapishana: soprano bado wako neno la kwanza, besi wameshafika la tatu. Muumini hakushika neno, wala hakutarajiwa kulishika, maana padri alikuwa akiendelea na misa altareni. Wanamageuzi, yaani Waprotestanti, hawakukubali. Askofu mkuu Cranmer alimwandikia mfalme mwaka 1544 kwamba wimbo wa ibada usijazwe noti, bali uende karibu na noti moja kwa kila silabi. Mwaka 1549, chini ya Edward, kitabu cha sala cha Kiingereza kikachukua nafasi ya Kilatini.

Sasa fungua nakala yako ya "If Ye Love Me", ule wimbo wenu wa Kiingereza, yale maneno ya Yohana 14, "Mkinipenda, mtazishika amri zangu." Sauti nne zinaingia pamoja na kutamka pamoja, kama watu wanaokiri imani. Kisha zinaanza kufuatana, ila kwa adabu, hakuna inayomfunika mwenzake. Tallis hakuuacha ufundi wa zamani, aliubana tu. Ndiyo maana naupenda kuliko hata ule wake wa sauti 40.

Mary alipotawala mwaka 1553 Kilatini kikarudi, na Tallis akaandika misa ya sauti saba, "Puer natus est nobis". Akaja Elizabeth, Kiingereza tena. Lakini malkia huyu alipenda muziki: mwaka 1575 Tallis na William Byrd walichapa moteti (nyimbo za kwaya za kanisani) 34 za Kilatini na kumtunukia yeye. Byrd alikuwa Mkatoliki kwelikweli, na misa zake tatu za miaka ya 1590 zilichapwa kwa kujificha, bila ukurasa wa jina.

Kwingine walichukua njia nyingine. Luther alitaka waumini wote waimbe kwa Kijerumani, na vitabu vya kwanza vikatoka 1524. Ndio ukoo wa nyimbo tulizoletewa na wamisionari wa Kijerumani, zile ulizoimba Sunday School. Geneva, kwa Calvin, mwanamageuzi mwingine, kanisani ziliimbwa zaburi kwa sauti moja, bila kinanda. Huko mwalimu wa muziki, Louis Bourgeois, alitupwa jela mwaka 1551 kwa kubadilisha tuni bila kibali! Walimu wa kwaya wa siku hizi wana raha. Hata Wakatoliki, katika Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wao, mwaka 1562, waliagiza muziki wa anasa utolewe kanisani.

Basi kwenye ule wa Kiingereza, mwalimu wenu akiwakemea mfupishe kidogo vokali na mtamke konsonanti, mtiini. Kwenye wa Kilatini usihangaike neno lisikike. Hesabu mapumziko yako, ingia kwa wakati, na usiwafuate wa sauti nyingine hata wakiimba kwa nguvu namna gani.

Mama yako anakusalimu, anauliza kama koti lilikutosha.

Baba yako