Nyumba Ikiwa Kimya, Bangua Korosho

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema mkeo na wajukuu zangu wanakwenda Masasi harusini kuanzia Ijumaa, wewe unabaki Mtwara na kazi, na unaniuliza siku mbili zile utazimaliza vipi kwenye nyumba tupu. Ipo kazi moja inayotaka nyumba isiyo na mtoto, na msimu wake ndio huu: kuchoma na kubangua korosho.

Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi, na moshi wake unawasha macho na koo. Kazi hiyo haifanyiki mtoto akizungukazunguka uani. Ukiwa peke yako utaifanya kwa utulivu, na mikono ikiwa na shughuli usiku hauwi mrefu.

Nunua korosho ghafi kilo 4. Zikiwa nzuri utapata kiini karibu kilo 1, zikiwa mbovu utapata pungufu. Ijumaa jioni zimwage kwenye ndoo ya maji: zinazoelea ziondoe, aghalabu ndani zimesinyaa au zimeoza. Zilizozama zitandaze kwenye mkeka usiku kucha, asubuhi zipige jua mpaka ganda likauke kabisa.

Tafuta debe kuukuu, likate kwa urefu, toboa matundu chini kwa msumari ili mafuta yadondoke. Liweke juu ya mafiga uani, mbali na makuti, na mbali na kamba ya nguo. Funga madirisha, waambie majirani mapema waanue nguo zao, kisha simama upande upepo unakotoka. Vaa mikono mirefu na viatu vya kufunika vidole. Mchanga mkavu ndoo nzima uwe karibu. Mafuta hayo yakiwaka usiyamwagie maji hata kidogo, yataruka. Yazime kwa mchanga.

Choma nusu kilo kwa mara moja, zisipandane. Koroga bila kuacha kwa mti mrefu. Ganda litatoa povu, halafu mafuta yatashika moto. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Ukiogopa ukazitoa mapema, ganda linabaki gumu na mafuta yamo ndani, ukilipasua yanakurukia vidoleni. Ukichelewa, kiini kinaungua na kuwa kichungu. Usitegemee saa. Maganda yakiwa meusi na yamevimba, pindua debe mchangani, zifunike na uziviringishe mpaka moto ufe na mchanga unyonye mafuta. Zikipoa pasua moja ya kujaribia: ganda livunjike kwa pigo moja, na kiini chini ya ngozi yake kiwe cheupe cha maziwa.

Kubangua ndiko kwenye raha. Jipake mafuta ya nazi mikononi kisha jivu. Simamisha korosho kwa ubavu wake mwembamba juu ya jiwe, igonge kidogo kwa kipande cha mti mgumu. Ukiilaza bapa unapasua na kiini. Mafuta yakikugusa, futa kwa kitambaa kikavu kwanza, kisha osha kwa sabuni mara kadhaa. Yakiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi na uende zahanati, usingoje jioni.

Viini vikishapatikana, vipashe kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo, visugue ndani ya ungo, upepete ngozi. Vizima viache vipoe kabisa kabla ya kuvifungia kwenye chupa, maana vikifungwa na joto vinatoa jasho na kulegea.

Vipande vilivyovunjika ni vya chakula cha Jumapili. Chukua kisamvu kilichotwangwa mafungu 2, kichemshe saa nzima bila mfuniko ili uchungu utoke. Twanga vipande kikombe 1 mpaka viwe unga, vikoroge na maji ya vuguvugu vikombe 2, mimina kwenye kisamvu, punguza moto, koroga dakika 15. Ukiacha kukoroga korosho inatuama na kushika chini ya sufuria. Chumvi mwisho. Nazi haihitajiki.

Alasiri usilale. Panda daladala ya Mikindani, ni kilomita kama 10 tu, utembee ufukweni mpaka kwenye Boma la zamani walilojenga Wajerumani mwaka 1895. Lakini rudi mapema, kuna kazi moja imebaki. Ule mchanga uliozimia moto, pamoja na maganda na jivu, zoa wote ufukie shimoni kabla gari lao halijafika. Hata ganda lililoungua linaweza kubakiwa na mafuta, na pale uani ndipo wajukuu zangu wanapokaa chini kucheza.

Mama yako