Kisu cha ng'onda

Mwanangu,

Juzi uliponipigia nilikuwa na samaki mikononi, ndiyo sababu sikukujibu vizuri. Uliniuliza: mbona katika ngano za kale za kuumbwa ulimwengu mama huishia kupasuliwa na kizazi chake mwenyewe? Najua ni Tiamat aliyekukera, mama wa miungu katika ngano ya Babeli. Mungu Marduk alimpasua vipande viwili kama ng'onda, samaki wa kukaushwa, nusu akaitandaza ikawa mbingu, na machoni mwake akatoa mito ya Frati na Tigrisi.

Kisu hicho wewe wakijua. Hapo uani Kibokoni ulikuwa ukinishikia mkia wa samaki, nami nampasua mgongoni mpaka anafunuka kama kitabu, kisha chumvi, kisha jua.

Lakini wewe umeanzia mwisho wa kisa. Kabla ya kisu, Apsu mumewe alitaka kuwaangamiza watoto kwa sababu kelele zao zilimnyima usingizi (babako angemwelewa). Ni Tiamat aliyemkatalia: vipi tukiharibu tulichokiumba wenyewe? Na watoto walipomwahi Apsu wakamuua, alinyamaza. Waliomtia vitani ni wanawe wengine, waliomsimanga kwamba hakumtetea mumewe. Akamsikiliza huyu, akawa adui wa yule. Mimi ninao watatu tu na hayo nayajua. Tena Marduk hakutoka tumboni mwake; alikuwa wa vizazi vya mbali, kitukuu au kilembwe huko. Huenda hakuwahi hata kupakatwa naye.

Sisi baba yetu Adamu ni wa udongo, hana mama, na hizi ni ngano za watu. Ila ya Wamaori, wenyeji wa New Zealand, yanipendeza. Papa, yaani ardhi, alikumbatiana na Rangi, mbingu, na watoto wao wakabanwa gizani katikati. Mmoja wao, Tane, akalala chali, akasukuma kwa miguu hadi wazazi wakaachana na mwanga ukaingia. Ukungu wa asubuhi ni Papa anavyohema kwa majonzi. Mimi hapo sioni ukatili, naona uzazi. Wewe pia ulinipiga mateke usiku kucha, na mwisho ukatolewa kwa kisu. Kovu lipo, masika huniwasha.

Samaki wako nimewafunga kwa gazeti, watapanda basi la Alhamisi usiku. Waroweke kwanza. Mara ile uliwapika na chumvi yao yote.

Mamako