Gitaa lililolala miaka kumi: tengeneza gitaa kwanza, vidole baadaye

Muuliza swali anasema ametoa kwenye begi gitaa la akustika ambalo hakuligusa miaka kumi. Vidole vinauma baada ya dakika tano, sauti haimvutii, na anajiuliza aanze upya na skeli (mazoezi ya kupanda na kushuka ngazi ya noti) au aliuze tu. Usiuze. Na skeli ziache kwanza.

Mara nyingi kinachomkatisha mtu tamaa hapo ni chombo chenyewe, mikono inasingiziwa tu. Pitisha ukucha chini ya uzi wa chuma wa zamani, utahisi vipele vya kutu. Uzi wa hivyo hata ukiutuni vizuri ukiwa wazi (haujabanwa), ukibana freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo) unatoa noti iliyopinda, na sikio linakereka hata kama hujui kwa nini. Nunua seti mpya. Kama ulikuwa unafunga ya 12 (uzi mwembamba kabisa ni inchi 0.012), safari hii chukua ya 11 au ya 10, mvutano upungue. Angalizo kabla hujalipa: kama gitaa lako ni la klasiki, la nyuzi za nailoni, usithubutu kulifunga chuma. Halikujengwa kwa mvutano huo. Daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi kwenye ubao wa mbele, linaweza kung'oka au ubao wa mbele ukavimba.

Badilisha uzi mmoja mmoja. Legeza mpaka ulegee kabisa ndipo uchomoe pini ya daraja. Kile kipete cha mwisho wa uzi kiegemee ubao kwa ndani. Kikikalia ncha ya pini, pini itaruka ukianza kukaza. Kwenye kifunguo, kile cha kukazia uzi kule kichwani, acha mizunguko miwili au mitatu, ikipangana kuelekea chini. Tuni E, A, D, G, B, E kwa A ya hezi 440 (ndiyo kawaida ya kifaa cha kutunia), vuta kila uzi taratibu kwa kidole, tuni tena, rudia mara tatu nne. Nyuzi mpya zikishukashuka siku ya kwanza, hazina ubovu wowote.

Sasa chukua rula. Freti ya 12, pima kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi: mnene uwe karibu milimita 2.5, mwembamba karibu 2. Ukikuta 4, tatizo si vidole vyako. Angalia shingo: bana uzi mnene kwenye freti ya 1 na ya 14 kwa pamoja, utazame upenyo juu ya freti ya 7. Kadi ya biashara ipite kwa shida kidogo. Upenyo ukiwa mkubwa, chuma cha ndani ya shingo kinakazwa robo mzunguko tu, unatuni upya, unapima tena. Kikigoma, usikilazimishe, mpelekee fundi. Na ukishusha unene wa nyuzi, shingo inaweza kunyooka na nyuzi zikaanza kulia zzz. Hapo unalegeza robo badala ya kukaza.

Kodi ya F (kodi za muziki, noti kadhaa kwa pamoja, si za serikali) ina kesi yake: kidole kimoja kinalazwa juu ya nyuzi freti ya 1. Jaribu kulaza kidole freti ya 5. Kama pale inatoka safi na freti ya 1 inakushinda, shuku vijishimo vya kidaraja cha juu, kile nyuzi zinapopita kuingia kichwani. Bana uzi freti ya 3 na uangalie freti ya 1: upenyo uwe mwembamba kama unywele. Ukiwa mkubwa zaidi, fundi anachonga kidogo. Watu wamejilaumu miaka kwa kitu cha kazi ya dakika ishirini.

Upande wa vidole, fanya jaribio hili. Weka kidole juu ya uzi bila kubana, piga, kisha ongeza nguvu polepole hadi mlio mchafu ukatike. Nguvu hiyo ndiyo inayotosha, na wengi wanatumia mara mbili yake. Ukisogea nyuma tu ya freti, badala ya katikati ya nafasi, inapungua zaidi. Piga dakika 10 hadi 15, mara mbili kwa siku, si saa nzima Jumamosi. Ngozi huanza kukomaa ndani ya wiki mbili tatu. Usishike gitaa mara tu baada ya kuosha vyombo, ngozi imelainika. Ncha za vidole kuwasha ni kawaida. Kiganja kufa ganzi au maumivu ya kifundo cha mkono si kawaida, weka gitaa chini.

Cha kupiga: wimbo mmoja unaoupenda wenye kodi mbili au tatu, mathalani G, C na D, na uupige wote hadi mwisho, hata kwa mwendo wa konokono. Maumbo ya kodi vidole vinakumbuka upesi. Kinachochelewa ni kuhama. Metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) iwe midundo 60 kwa dakika, kodi moja kwa midundo minne. Ukihama safi mara nne mfululizo, panda hadi 64. Usijirekodi wiki ya kwanza: sikio lako limekomaa miaka yote hiyo wakati vidole vimelala, litakuhukumu bila huruma.

Begi lifungie kabatini. Gitaa likae kwenye stendi, mbali na dirisha lenye jua, mahali unapopita kila siku.