Gauti kula kifundo cha mguu? Inawezekana kabisa

Umeuliza kama gauti, ugonjwa wa jointi unaoletwa na asidi ya yuriki, inaweza kuharibu enka wakati hujawahi kuteguka wala kuvunjika. Inaweza kaka, ila sio kawaida ndo maana watu wanaipita. Enka ikisagika gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, mara nyingi chanzo ni jeraha la zamani, na gauti watu wameizoea kwenye dole gumba la mguu, kwa hiyo enka ikivimba unaambiwa umeteguka, unafungwa bandeji, maisha yanaendelea.

Kinachotokea ni asidi ya yuriki ikizidi kwenye damu, kama juu ya 6.8 mg/dL hivi, inaanza kuganda vichembe vyembamba kama sindano ndani ya jointi, na miguuni kuna ubaridi kidogo so inaganda kirahisi, halafu ukiachia miaka inajikusanya vinundu vyeupe kama chaki vinavyomega mfupa taratibu, kwenye eksirei unaona kama umetobolewa pembeni.

Sasa angalia hapa, usidanganyike na kipimo cha damu peke yake, wakati jointi imewaka yuriki inaweza kusoma kawaida kabisa. Uhakika ni kuvuta maji ya jointi na kuyaangalia kwenye hadubini, pia yanaonyesha kama kuna bakteria, na hao ni hatari zaidi, kwa hiyo ukiwa na homa usisubiri.

Dawa za kushusha yuriki kama alopurino hazirudishi gegedu iliyokwisha, zinazuia isiendelee, lengo yuriki ikae chini ya 6 mg/dL. Usiache kumeza eti maumivu yamepoa