Uliniuliza bei ya mzula

Kamwene mwanangu,

Jumapili ulipopiga simu uliniuliza: "Mama, ile mizula, kofia za kufuma, uliyokuwa unauza elfu nane, bei ulipangaje? Mimi hereni zangu za elfu tano watu wananiambia ghali." Nikacheka, bando lako likaisha, basi. Lakini swali lilibaki na mimi, maana jibu la kweli ni kwamba sikupanga. Nilimuuliza yule mama wa pale stendi anauza ngapi, nikashusha mia tano. Miaka yote uliyoniona na sindano mapajani, hesabu yangu ilikuwa hiyo tu.

Jana nimekaa na kalamu. Mzula wa mtu mzima unakula bonge moja na nusu la uzi. Bonge nililinunua elfu tatu, kwa hiyo uzi ni 4,500. Mfuko na nauli ya mjini weka 500. Kwenye ile 8,000 inabaki 3,000. Haya, na mikono je? Jioni mbili, kuanzia vyombo vikishaoshwa mpaka baba yenu anaanza kukoroma, si chini ya saa sita. Yaani saa moja shilingi 500! Kibarua wa kuchimba viazi angenihurumia. Na unajua kwa nini nilijiona napata faida? Uzi ulinunuliwa kwa hela ya nyumbani, pesa ya mzula ikaingia kwenye mkoba wangu. Baba yenu ndiye aliyekuwa anawafunika vichwa watu wa Njombe, wala hakujua.

Wewe usianzie kwa jirani anauza ngapi. Anzia kwenye daftari: shanga, waya, kadi ya kuchomekea hereni, zile zinazokuharibikia mkononi, bando la kurusha picha. Halafu saa zako. Kama jozi moja inakuchukua dakika 40 na unataka saa yako iwe na thamani ya elfu tatu, tayari ni 2,000 ya mikono kabla hujahesabu hata shanga moja. Kwa hiyo elfu tano si ghali.

Ila kuna jambo, na usinune. Zile ulizomletea shangazi yako Krismasi alizivaa siku tatu, matundu ya masikio yakaanza kuwasha, yakatoa maji. Hajakuambia kwa sababu anakupenda. Shanga hazina kosa, kosa ni ile waya inayoingia sikioni. Waya za bei ya chini mara nyingi zina nikeli, na nikeli ndiyo inayowasha watu wengi. Mtu akishakuwa na aleji yake huwa haimtoki. Tafuta waya za stenlesi ya kuaminika au za fedha, hata kama zinapandisha gharama. Mteja akiumwa sikio harudi, na anawasimulia wenzake.

Shanga nazo zichague. Za kioo ni nzito kidogo na ni za baridi ukizigusisha kwenye jino. Za plastiki jino halisikii kitu. Kwenye picha zinafanana, lakini mtu akizishika mkononi anajua alichonunua.

Kuhusu kufuma, ulisema Dar hakuna anayevaa sweta. Ni kweli, nami nikija huko hata leso ninaiona nzito. Mizula nitumie mimi huku, ila ianze kufumwa Februari, maana baridi ya Juni haimsubiri mtu amalize safu. Dar fuma vya vichanga. Joto liwe kiasi gani, mama wa Kiswahili hatoki hospitali na mtoto kichwa wazi! Seti ya kofia na soksi haimalizi bonge, na unaipata jioni moja. Tumia uzi wa pamba, usiochoma ngozi. Lowesha kipande, kifunge kwenye kitambaa cheupe usiku kucha. Kikiacha rangi, huo uzi usimfumie mtoto. Na soksi ukimaliza igeuze ndani nje, kila uzi unaoning'inia uukate. Uzi mmoja ukijizungusha kwenye kidole cha mguu cha kichanga unaweza kukaza mpaka damu isipite, na mama anaona mtoto analia tu bila kujua kisa.

Mkopo usimpe mtu, hata wa kanisani. Mimi bado nadai mizula minne ya mwaka ule ulipomaliza kidato cha nne.

Uliuliza pia kama uache kazi ya dukani. Usiache. Daftari likionyesha miezi sita mfululizo kwamba mikono yako inakulipa kuliko tajiri wako, nipigie tena, tutaongea mimi na wewe kabla hujamwambia baba yako.

Nimekupakilia mzigo kwenye basi la kesho, uupokee pale Mbezi, stendi ya Magufuli. Kuna parachichi, kulabu zangu mbili za kufumia, ile ya milimita tatu na ya nne, na mizula mitano ya mfano. Ule wa kijani nilikosea safu ya tatu kutoka juu, macho siku hizi. Huo usimuuzie mtu.

Mama yako