Pesewa na pesa, ni ndugu?

Msomaji kauliza: "Mwalimu, nasikia Ghana wanatumia sidi na pesewa. Hiyo pesewa si ndo pesa yetu hiyohiyo? Na niseme sidi kumi au masidi kumi?"

Mkuu, kwenye pesewa umeingia chaka, ila usijali hata mimi nilishawahi kuingia hapohapo. Pesa yetu imetoka India, paisa, ikaja na rupia zake mpaka ikawa jina la hela yoyote ile. Pesewa ni Kiakani kabisa, lugha ya hukohuko Ghana, ni kipimo kidogo kuliko vyote cha vumbi la dhahabu, enzi hizo mtu anaenda sokoni na mizani yake. Zimefanana sauti tu.

Undugu upo lakini umegonga mlango siyo. Angalia sidi (wenyewe wanaandika cedi): imetoka kwenye sedie ya Kiakani, maana yake kauri, siyo kauri ya sahani, hii ya baharini ambayo wengine tunaiita kete. Sasa karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walikuwa wanazinunua Zanzibar na pwani yake, wanajaza meli wanaenda kuzitumia kama hela upande wa Lagos, zikamwagwa nyingi mno mpaka thamani ikaporomoka. Yaani kete ya kuchezea huku, kule unanunulia mawese!

Sidi ya noti ni changa, imeanza Julai 1965 kuchukua nafasi ya pauni ya Ghana, na sidi moja ilikuwa peni 100 za pauni hiyo, yaani shilingi 8 na peni 4, hesabu ya kuumiza kichwa. Rais wao Nkrumah, ambaye sura yake ilikuwa kwenye noti, akapinduliwa Februari 1966, mwaka uliofuata ikaja sidi mpya isiyo na sura yake, hiyo ikawa shilingi 10 kamili. Ikachakaa weee hadi 2007 wakakata sifuri nne, 10,000 zikawa 1.

Kwenye sarufi ipeleke kama shilingi na dola: sidi hii, sidi hizi, sidi imeshuka, sidi kumi. Masidi ni kama madola au mapesa, unalitumia ukishangaa utajiri wa mtu au ukimbeza, muuza duka huwezi kumwambia nirudishie chenji masidi kumi. Kuandika, kwenye mambo ya benki acha cedi kama ilivyo, kwingine weka sidi maana c peke yake Kiswahili hatuna. Na wale wa "chedi" wameisoma tu, hawajawahi kumsikia Mghana akiitaja.